Shajara ya mradi: mkondo wa vijitabu, kutoka Word hadi simu ya mkulima

4 Februari

Kazi tuliyokabidhiwa ni hii: vijitabu vya kilimo, vyote vya Kiswahili, vilivyochapwa katika Word na waandishi mbalimbali, vitoke kwa namna tatu. PDF ya kwenda kwa mpiga chapa, EPUB ya kusomwa kwenye simu, na ukurasa wa tovuti. Mwandishi akirekebisha sentensi moja, zote tatu zitoke upya bila mtu kunakili na kubandika.

Mpaka sasa kazi hiyo inafanywa na skripti moja ndefu ya Bash, yaani orodha ya amri za kompyuta. Inafungua faili ya Word, inaita programu hii, inaweka faili ya muda kwenye folda, inaita programu ile, inafuta folda. Vijitabu vinatoka. Lakini ukitaka kujua hati inapita wapi na kwa mfuatano gani, huna budi kusoma skripti yote, kwa sababu amri za kusafisha maandishi zimechanganyika na amri za kuhamisha na kufuta faili. Mwenzangu anayeshika kazi nikiwa safarini hawezi kuchomeka hatua moja katikati bila wasiwasi.

Nataka mfuatano wa hatua uandikwe peke yake, katika lugha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na kila hatua ibaki programu ndogo inayojitegemea. Wiki hii ni ya kuchagua lugha.

7 Februari

Kuunganisha programu ndogondogo ni wazo la zamani. Doug McIlroy alilipigania kwa miaka kadhaa kabla Ken Thompson hajaliingiza kwenye Unix mwaka 1973: kinachotoka kwenye programu moja kinaingia kwenye inayofuata, na alama inayoziunganisha, paipu, ni mstari mmoja wa wima tu. Kwa maandishi ya mistari mistari sijaona kinachoipita njia hiyo. Ila kijitabu chetu kina sura, majedwali, tanbihi na picha, na paipu ya Unix haioni chochote kati ya hivyo. Inaona baiti. Isitoshe, sisi tunaingiza kitu kimoja na kutoa vitatu, na katikati kuna ripoti ya makosa ambayo nayo lazima itoke mahali pake.

Make, aliyoitengeneza Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, inaanzia mwisho. Unaitajia faili unayoitaka, yenyewe inarudi nyuma kutafuta inatokana na nini, inalinganisha saa za faili, kisha inafanya yale tu yaliyopitwa. Ant iliyokuja mwaka 2000 kwa watu wa Java inafanana nayo kwa mengi, na hadi leo ndiyo inayoiendesha DITA Open Toolkit, programu ya kutengeneza nyaraka. Zote mbili zinajua faili. Hati hazizijui. Kila hatua lazima imwage kazi yake kwenye diski ili inayofuata iisome upya tangu mwanzo.

Historia ya lugha zilizokusudiwa nyaraka imenifundisha zaidi. Mwaka 2002 Norman Walsh na Eve Maler, wakiwa Sun Microsystems, walichapisha kupitia W3C, shirika la viwango vya tovuti, maelezo ya lugha ya XML (maandishi yenye vitambulisho vya muundo) iliyofuata fikra ya Make: sema unataka tokeo gani, kidhibiti kitatafuta mnyororo wa hatua za kulifikia. Wakati huohuo mradi wa Cocoon wa Apache ulikuwa ukienda upande mwingine, hati inazalishwa mbele, inageuzwa njiani, inaandikwa mwishoni. Mwaka 2005 Orbeon nao wakapeleka W3C lugha yao, XPL. XProc, lugha ya XML ya kuandika mfuatano wa hatua za hati, ilipopitishwa na W3C tarehe 11 Mei 2010, ilikuwa imechagua kusonga mbele na hati. Na mmoja wa wahariri wake, pamoja na Alex Milowski na Henry Thompson, ni Walsh yuleyule.

Nadhani walichagua vema. Mhariri wa kitabu hafikirii kwa kurudi nyuma. Mswada umekuja, kwanza tunausafisha, halafu tunaukagua, halafu tunaupanga. Lugha inayoeleza kazi kwa mpangilio huo inaweza kusomwa na mtu asiyeandika programu, na hilo kwangu ni jambo kubwa kuliko kasi.

Pandoc nimeipima kwa uzito. John MacFarlane aliianza mwaka 2006 na inasoma Word vizuri sana. Lakini ndani ya mkondo ni hatua moja kubwa. Sisi tunataka kusimama njiani, kukagua, kutoa ripoti, na kuendelea au kukataa. Mafaili ya YAML yanayoendesha kazi kwenye seva nimeyapita haraka: yanapanga amri tu, hayana habari na kinachopita kati yake.

Toleo la 1.0 la XProc lingetukwamisha, kwa kuwa kila kilichopita kati ya hatua kilipaswa kuwa XML, na faili ya Word ni zipu (kifurushi cha faili nyingi), EPUB ni zipu, picha ni baiti. Toleo la 3.0, lililokamilika mwaka 2022, linapitisha XML, HTML, JSON, maandishi matupu na faili za aina nyingine yoyote. Hapo ndipo nilipokata shauri. Programu za kuendesha mkondo wa XProc ziko mbili ninazozifahamu: XML Calabash ya Walsh na MorganaXProc-III ya Achim Berndzen. Zote zinahitaji Java. Tunaanza na Morgana.

13 Februari

Leo nimefungua kijitabu cha mihogo ili nione hasa tunachoshughulika nacho. Faili ya docx ukiifungua kama zipu utakuta folda inayoitwa word, na ndani yake document.xml yenye maandishi yenyewe, footnotes.xml yenye tanbihi, styles.xml yenye mitindo, na folda ya media yenye picha. Sentensi moja ya kijitabu inasema: "Mkulima ang'oe mche wenye batobato auchome." Ndani ya document.xml kipande cha sentensi hiyo kinaonekana hivi:

```
<w:r><w:t xml:space="preserve">Mkulima </w:t></w:r>
<w:proofErr w:type="spellStart"/>
<w:r><w:t>ang</w:t></w:r>
<w:r w:rsidR="00A41C27"><w:t>’oe</w:t></w:r>
<w:proofErr w:type="spellEnd"/>
```

Word ilidhani inasoma Kiingereza. Kila neno la Kiswahili isilolitambua imelizungushia alama ya kosa la tahajia, na kwa kufanya hivyo imelitenga neno hilo katika kipande chake. Ndiyo mistari myekundu tunayoizoea kwenye skrini, sasa tunaiona kwa ndani. Juu ya hapo, kila mwandishi anaporudi kusahihisha herufi, Word huanzisha kipande kipya chenye namba ya kikao hicho cha uhariri. Kwa hiyo neno moja, "ang'oe", limekatwa katikati.

Hakuna hatua ya kutafuta na kubadilisha maneno itakayofanya kazi juu ya maandishi ya namna hii mpaka vipande viunganishwe kwanza. Hatua ya kwanza ya mkondo imejitaja yenyewe.

17 Februari

Kibainishi cha ng' kimechukua siku nzima na kimestahili. Katika miswada niliyonayo kimeandikwa kwa alama tofauti: ile iliyonyooka ya kibodi, ile iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe, ile inayopinda upande wa pili kutoka kwa waliochapa kwenye simu, na hata ile alama ya juu kushoto mwa kibodi, iliyo chini ya Esc. Kwenye karatasi msomaji hataona tofauti. Kwenye simu, mkulima akitafuta "ng'ombe" atapata kurasa za mwandishi mmoja na kukosa za mwingine.

Nimeandika hatua ya XSLT, lugha ya kugeuza hati za XML, inayobadilisha zote kuwa alama moja, ile iliyopinda ya Word, ambayo namba yake ni U+2019. Kanuni yake inatafuta ng, halafu yoyote kati ya alama hizo, halafu irabu. Kisha nikaongeza w na y kwenye orodha hiyo ya irabu, kwa sababu miswada ya Kanda ya Ziwa ina majina ya Kisukuma yenye ng'w, na majina ya watu na vijiji yana haki ya kuandikwa sawasawa kama maneno mengine.

Nimeijaribu hatua hiyo kabla ya kuunganisha vipande na baada yake, makusudi. Kabla, "ang’oe" ya hapo juu haiguswi, maana ng iko kwenye kipande kimoja na alama iko kwenye kingine. Baada, zote zinanaswa. Programu ni zilezile mbili na matokeo ni tofauti kabisa. Ndiyo sababu nataka mfuatano uonekane wazi katika faili moja:

```
<p:declare-step version="3.0"
    xmlns:p="http://www.w3.org/ns/xproc">
  <p:input port="source"/>
  <p:output port="result"/>

  <p:unarchive format="zip"
      include-filter="^word/document\.xml$"/>
  <p:xslt>
    <p:with-input port="stylesheet"
        href="unganisha-vipande.xsl"/>
  </p:xslt>
  <p:xslt>
    <p:with-input port="stylesheet"
        href="kibainishi.xsl"/>
  </p:xslt>
  <p:xslt>
    <p:with-input port="stylesheet"
        href="jenga-kijitabu.xsl"/>
  </p:xslt>
  <p:add-attribute match="/*"
      attribute-name="xml:lang" attribute-value="sw"/>
  <p:validate-with-relax-ng>
    <p:with-input port="schema" href="kijitabu.rng"/>
  </p:validate-with-relax-ng>
</p:declare-step>
```

Soma kuanzia juu: fungua zipu, unganisha vipande, sawazisha kibainishi, jenga muundo wa kijitabu, tia lugha, kagua. Kila hatua ina milango, wa kuingilia na wa kutokea, na usipotaja chochote, mlango mkuu wa kutokea wa hatua moja unaungana na mlango mkuu wa kuingilia wa inayofuata. Hakuna faili ya muda hata moja. Tanbihi na picha bado hazijaingia. Zitaongezwa kwa kupanua hatua ya kwanza.

Ule mstari wa xml:lang si pambo. Miswada karibu yote imejitambulisha kuwa Kiingereza cha Marekani. Asiyeona akifungua EPUB hiyo, simu itamsomea Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, na hataambulia kitu. Vijitabu vya ndugu zetu wa Kongo vikifika, thamani hiyo itabidi itoke kwenye hati yenyewe badala ya kuandikwa hapa moja kwa moja, kwa kuwa Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake, swc.

26 Februari

Nimemwonyesha mhariri wetu matokeo ya kwanza. RELAX NG, lugha ya kanuni za muundo tunayoitumia kukagua, ilipokutana na jedwali lililowekwa ndani ya orodha, mkondo ulisimama na kutoa ujumbe wake wa kawaida, wa Kiingereza, wenye majina ya elementi. Aliutazama, akaniambia: "Mwanangu, haya maandishi mekundu yananitisha tu. Niambie ni sura gani, aya gani, na nifanye nini."

"Sawa mama, nitakuandalia ukurasa wake," nikamjibu.

Hilo limenielekeza kwenye sehemu ya XProc ninayoipenda kuliko zote. Makosa nayo ni hati. Hatua ya ukaguzi ina mlango wa pili wa kutokea, unaoitwa report. Ukiweka assert-valid kuwa false, kijitabu kinaendelea na safari yake kupitia mlango wa kawaida, na ripoti inatoka kwa mlango wake. Ukiipa hatua jina, tuseme kagua, basi mahali popote baadaye unaandika pipe="report@kagua" na ripoti hiyo inaingia kwenye XSLT nyingine inayoigeuza kuwa ukurasa wa HTML. Kwenye skripti yetu ya zamani makosa yalimwagwa kwenye skrini na kupotea pamoja na dirisha.

RELAX NG nimeiacha ilinde muundo tu. Kanuni za uhariri nimezihamishia kwenye Schematron, lugha aliyoianzisha Rick Jelliffe na ambayo sasa ni kiwango cha ISO. Uzuri wake ni kwamba ujumbe wa kila kanuni unauandika wewe, kwa lugha yako. Zetu ni za Kiswahili cha mhariri:

"Aya hii yote imekolezwa. Kama ni kichwa, ipe mtindo wa kichwa. Kama si kichwa, ondoa ukolezaji."

"Kipimo cha dawa hakina kizio. Andika mililita, gramu au lita."

Ya kwanza nilishawishika kuiacha mashine iamue yenyewe, kwani aya fupi iliyokolezwa mara nyingi ni kichwa kweli. Nimekataa. Katika vijitabu hivi onyo la sumu nalo hukolezwa, na onyo likigeuzwa kichwa linaingia kwenye yaliyomo na kutoweka mahali linapohitajika. Mashine ioneshe, mtu aamue. Ya pili haina mjadala kabisa: hiyo inasimamisha mkondo. Kijitabu kinachosema changanya "20 kwa 15" hakitoki mlangoni kwetu, maana atakayeumia ni mkulima na watoto wake.

Kumwambia mhariri ni ukurasa wa ngapi haiwezekani kwa uhakika, kwani faili ya Word haibebi kurasa. Zinapangwa upya kila inapofunguliwa. Badala yake ripoti inataja jina la sura na maneno ya kwanza ya aya. Anayanakili, anatafuta kwenye Word, anafika.

11 Machi

EPUB. Kanuni yake moja inawatesa wengi: ndani ya zipu, faili inayoitwa mimetype lazima iwe ya kwanza na isikandamizwe, ili programu isome maneno application/epub+zip kuanzia baiti ya 38 bila kufungua chochote. Zipu ya kawaida inapanga na kukandamiza itakavyo.

Hatua ya p:archive inapokea mlango unaoitwa manifest, orodha ya XML inayotaja kila faili itakayoingia, na kila moja inaweza kuelezwa ikandamizwe au la. Nimeiandika mimetype juu kabisa, bila ukandamizaji. Nimefungua EPUB iliyotoka kwa kihariri cha baiti na maneno yapo palepale. EPUBCheck, programu ya kukagua EPUB, nayo imeridhika. Kufanya hivi katika skripti kulihitaji kuita zip mara mbili na chaguo zake za kukumbuka kichwani; hapa ni orodha ambayo mtu mwingine anaisoma na kuielewa.

PDF inatoka kwa CSS ya kurasa, yaani kanuni za mwonekano wa ukurasa. Tumeweka milimita 3 za kukata pembeni kama alivyoagiza mpiga chapa.

24 Machi

Make imerudi, na nafurahi. XProc inaeleza vizuri hati inapita wapi, lakini haiulizi kama kuna haja ya kupita. Ukiiambia ifanye vijitabu vyote, itavifanya vyote, hata kama kilichoguswa ni kimoja. Swali la nani amepitwa na wakati ndilo ambalo Make imelijibu tangu 1976. Kwa hiyo nje kuna Makefile fupi inayosema kila EPUB inatokana na docx yake, na mkondo, na faili zote za XSLT na Schematron. Mwandishi akigusa mswada mmoja, mmoja tu unajengwa upya. Mimi nikigusa kibainishi.xsl, vyote vinajengwa upya, na ndivyo inavyotakiwa.

Kuna watu wanaotaka lugha moja ifanye yote mawili. Baada ya kukaa na hizi mbili sioni faida yake. Kurudi nyuma kutoka kwenye tokeo kunafaa ukiwa nje, kati ya vitabu. Ndani ya kitabu kimoja, hati na isonge mbele.

Kasi: Java ikishawaka, kijitabu kinapita haraka. Kuwaka kwenyewe ndiko kunakochukua muda, na kwa kuwa Make inaiita Morgana upya kwa kila kijitabu, tunaulipa muda huo kila mara. Kwa idadi yetu ya vijitabu tunavumilia.

8 Aprili

Mwenzangu ameongeza hatua bila mimi. Alitaka kila picha isiyo na maelezo kwa wasioona iorodheshwe kwenye ripoti. Alifungua faili ya mkondo, akaona mahali ukaguzi ulipo, akaandika kanuni ya Schematron ya mistari michache na ujumbe wake: "Picha hii haina maelezo. Eleza kwa sentensi moja kinachoonekana." Hakugusa kitu kingine. Kwenye kijitabu cha mihogo ripoti ilijaa, kwani picha za majani yenye batobato ndizo somo lenyewe na hakuna hata moja iliyoelezwa. Zimerudishwa kwa mwandishi.

Yaliyobaki kabla ya kufunga awamu hii: tanbihi bado zinapoteza italiki zinapotoka footnotes.xml, na XSLT yake naiandika upya. Sauti tunaijaribu kwa eSpeak NG, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, yenye Kiswahili, kwenye simu ya bei ya chini na TalkBack, kisoma skrini cha simu, ikiwa imewashwa. Kuhusu nukta nundu, maandishi ya wasioona, tunatazama programu ya DAISY Pipeline 2, ambayo nayo imejengwa juu ya XProc, ya toleo la kwanza, kwa hiyo hatua zetu za 3.0 hazitaingia humo zilivyo. Mpango ni kuipa XML yetu iliyokwisha kukaguliwa na kuiacha iendelee kutoka hapo. Kijitabu cha kwanza kitakachojaribiwa ni kile cha kuhifadhi mahindi, kwa sababu kina majedwali machache.